Chombo Hakirudi Kitupu

Mlango wa jiko uling'oka asubuhi ile nikiwa nimeushika. Sikuuvuta kwa nguvu. Ulikuja wote mkononi, nikabaki nimeukumbatia kama mtu anayecheza ngoma na mume wa watu. Nilipotazama bawaba, hapakuwa na bawaba. Kwenye mbao palikuwa na vumbi jekundu kidogo, na matundu mahali misumari ilipokuwa.

Nilitaka kucheka. Kisha nikamwona mwanangu Tunu amepiga magoti nyuma ya mtungi, analamba ukuta.

"Wewe! Hata haya huna?"

Aligeuka, udongo umemjaa mdomoni. Alikuwa na miaka saba, na weupe wa viganja vyake ulikuwa umepanda mpaka kwenye midomo. "Mtamu, Mama. Hata Bibi anaula."

"Bibi gani anayekula ukuta?"

"Bibi Mkasi. Anaufunga kwenye pindo la nguo, anamung'unya akidhani hatumwoni."

Nilimfuta mdomo kwa hasira, vile mama anavyofuta akiwa na hofu. Jino lake la mbele lilikuwa likicheza wiki nzima na hakutaka liguswe. Nililigonga bila kukusudia, ufizi ukatoa damu, nikaitazama damu ile kwenye kidole changu. Ilikuwa nyepesi kama juisi ya rosela iliyozidishwa maji. Niliufumba mkono haraka ili asiione.

Wiki hiyo watu thelathini walikuwa wameshindwa kuamka vitandani. Hawakuwa na homa. Walisema tu wamechoka, na mioyo yao ilidunda kama ya watu waliopanda mlima wakikimbia.

Sisi si wenyeji wa Harakwe. Harakwe haina mwenyeji. Tulifukuzwa Mtepwe wakati wa vita, tukapanda milima na mikokoteni yetu, na Jua Kubwa likatuacha njiani. Kila mwaka Jua Kubwa huenda zake siku mia moja na arobaini, likabaki Jua Dogo, ambalo linaangaza lakini halipashi mtu joto. Mume wangu, Faki, aliganda siku mbili kabla hatujafika. Tuliobaki, watu mia nne na kumi na wawili, tuliokolewa na mji wa watu waliotoweka miaka elfu mbili iliyopita.

Kila mtoto wa Mtepwe hufundishwa kwamba Waharakwe walikuwa wachawi. Walikuwa elfu thelathini, waliupasha mji mzima joto bila ukuni hata mmoja, na siku moja hawakuwepo. Magofu yao hayana alama ya vita wala ya moto. Na hayana mfupa. Nimeyafukua makaburi yao kwa mikono hii, nikakuta sanda na shanga zimelala katika umbo la mtu, na mtu hayumo. Kwa hiyo watu husema waliruka, roho na mwili, wakaenda kuishi kwenye Jua Kubwa. Kazi yangu ni kusoma maandishi yao, na kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikisema huo ni upuuzi. Ila mtu akiniuliza walikwenda wapi basi, huwa nabadilisha mazungumzo.

Kitu kimoja tu cha kwao kilikuwa bado kinafanya kazi, nacho ni Kinywa. Ni tundu la duara katikati ya chumba kikubwa, refu kupita kamba zote tulizokuwa nazo. Ukingoni pana sinia la jiwe, na juu ya sinia hukaa kombe la jiwe. Kila asubuhi mwale wa Jua Dogo ukiligusa sinia, kombe hushuka lenyewe gizani. Kabla kivuli hakijasogea hatua mbili, hupanda limejaa kitu kizito kinachong'aa. Tulikiita uji. Ukiumimina kwenye mifereji ya sakafuni, hukimbia chini ya mji mzima na kuta zikawa na joto mpaka kesho yake.

Aliyelibeba kombe ni Bi Mkasi, mama yake Faki, mkwe wangu. Kazi hiyo alijipa mwenyewe tangu siku ya kwanza. Alisema yeye ni mtu mzima na mikono yake imezoea vyombo vya watu.

*

Nilimwacha Tunu kitandani nikaenda kwenye nyumba ya makombe, mahali ninapofanyia kazi. Waharakwe waliyatunza makombe yao ya zamani kwenye rafu, karibu kila moja limechorwa kitu ndani, chini kabisa. Nilikwisha yapanga kwa umri na kuandika waraka mzuri sana kuhusu sadaka walizowatolea miungu. Niliusoma upya waraka ule nikaona aibu kwa kila mstari.

Kombe kongwe kuliko yote halikuwa na picha. Lilikuwa na maneno yaliyozunguka mdomo wake: *Nirudishe nilivyotoka.*

Lililofuata lilichorwa rundo dogo la chumvi. Nikatazama nje dirishani. Chini ya mji ipo ghuba, na ghuba ile ni bahari: ina mawimbi, ina magamba ya kaa yaliyokauka, na maji yake tunapikia chai. Sote tulishukuru kupata maji matamu na hakuna aliyejiuliza bahari ilipataje kuwa na maji ya kunywa.

La tatu lilikuwa na bangili ya shaba. Nyimbo zao zote zinasifu milango ya shaba ya Harakwe, na mimi katika miaka yote ya kusoma na wiki zote za kuchimba sijaona shaba hata ya kutosha tundu la sindano. La nne lilikuwa na jiwe la kijivu. Upande wa magharibi nusu ya mji haipo. Lipo shimo, laini, kama mtu amechota kwa kijiko.

La tano na la mwisho sikulikuta rafuni. Nililikuta siku tuliyofika, limefunikwa kifudifudi ukingoni mwa Kinywa, ndilo hilo tunalolitumia, na ndani limechorwa punje moja nyeupe. Katika waraka wangu niliandika kwamba ni mchele, ishara ya mavuno. Niliongeza alama ya kuuliza kwa sababu mchele haumei milimani.

Nilikaa chini.

Kinywa hakikuwa mungu wala uchawi. Kilikuwa mashine, na mashine haijui adabu. Ukikipa kombe tupu, hukupa joto lake chenyewe, lile kidogo linalotoka chini ya ardhi, kiasi cha kupasha chumba kimoja. Walioijenga walikuwa ukoo mmoja, na chumba kimoja kiliwatosha. Ukitia kitu ndani ya kombe, Kinywa hukisoma kama amri: chukua hiki. Basi hukitafuta kitu hicho kila kilipo, mwambani, majini, kwenye miili ya watu, hukivuta na kukiunguza kiwe joto. Hukumbuka baada ya kuonyeshwa mara moja tu. Kwenye kigae kimoja nilisoma kwamba husahau ikiwa tu kombe litarudi tupu asubuhi saba mfululizo.

Watu walewale walioandika *nirudishe nilivyotoka* walizaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu, na mjukuu mmoja mwenye malezi mema akaona haya. Akatia chembe ya chumvi. Joto likaongezeka maradufu. Bila shaka alidhani shukrani yake imepokelewa.

Nikashuka ngazi mbio kumtafuta mkwe wangu.

*

Nilimkuta anasugua kombe kwa majivu, anang'oa doa ambalo halikuwepo.

"Mama, ndani ya kombe unatia nini?"

"Natia ninachokipata."

"Nini, Mama?"

Akaniangalia kwa mashaka, kama mtoto aliyefumaniwa. "Msumari. Mmoja tu kila siku. Mikokoteni imevunjika hapo nje mia nzima, misumari ilikuwa tele. Sikutia chakula, mwanangu. Sijawa mwehu, watoto wana njaa."

"Mimi nilisema lirudi tupu. Limeandikwa."

"Limeandikwa na nani?" Sasa alikasirika. "Mtu anakuletea uji wa moto kila siku ya Mungu, anakuokolea mjukuu, halafu wewe umrudishie chombo chake kitupu? Mkono mtupu haulambwi. Mimi nimezaliwa na mtu, wewe Sikudhani, sikuokotwa."

Ningependa kusema kwamba sikujua. Lakini kila asubuhi nilikuwa nasimama hatua tano nyuma yake, na kila asubuhi nilisikia kli, chuma kikigonga jiwe. Nilijua ametia kitu na nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nimelelewa na mwanamke kama yeye. Mama yangu akiletewa sahani ya mchuzi na jirani hairudishi bila japo ndimu mbili, na kuliona kombe lile likishuka tupu kulinichoma moyo. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Msomi mzima, na nilifanya kosa la mjinga kwa sababu lilikuwa kosa lenye heshima.

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu bawaba na udongo, na kwamba chuma ndicho kinachoifanya damu iwe damu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavifungua viganja vyake, vyeupe kama vya maiti, akavitazama kwa muda mrefu.

"Basi mimi ndiye ninayemnyonya Tunu," akasema.

Nilipaswa kusema hapana. Nilichukua kombe nikalisuuza majivu, na neno hilo mpaka leo sijalisema.

*

Jumbe Shomari aliwaita watu wazima ukumbini mchana uleule. Alikuwa mtu mnene zamani, mwenye mizaha. Sasa ngozi ilimning'inia na mizaha ilikuwa imekwisha. Nilisimama mbele yao na makombe yangu matano nikawaonyesha moja moja. Sikumtaja Bi Mkasi. Alisimama mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Asitafutwe mtu mwingine."

Hakuna aliyemtukana. Nadhani kila mmoja alikuwa akijiuliza yeye angetia nini.

Fundi Mbaruku, mhunzi wetu, aliinua mpini wa nyundo yake. Kichwa cha nyundo kilikuwa kimekwisha kabisa. "Tubadilishe basi," akasema. "Tutie kitu kingine, kitu tusichokihitaji. Mchanga!"

"Walitia jiwe, Fundi. Ukitaka kujua mwisho wake, nenda ukasimame ukingoni mwa shimo la magharibi. Nusu ya watu wao walikuwa wamelala ndani ya nyumba zao siku hiyo."

"Chumvi? Bahari si imekwisha chujwa?"

"Imebaki kwenye miili yetu. Itaanzia hapo."

"Dhahabu. Mwilini hakuna dhahabu."

"Na hapa je, ipo? Kisipokipata ulichokionyesha, hakikupi chochote."

Walitaja mengi. Kila walichokitaja, kulikuwa na kigae cha Waharakwe kilichokwisha kukitaja kabla yao na kueleza kwa nini hakifai. Nilichoka kujibu. Mwishowe mwanamke mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu lile kombe la mwisho. Walitia nini?

"Mchele, nadhani. Sijui walifikiri nini. Ila baada ya hilo hakuna kombe jingine, ndugu zangu. Hapo ndipo wanapoishia."

"La kuvunda halina ubani," Jumbe akasema. Alijifuta uso. "Tuambie hesabu, Mama Tunu. Usitupambe."

"Tukiendelea na chuma, watoto wataanza kufa baada ya siku kumi na tano, sisi baada ya ishirini na tano. Tukirudisha kombe tupu, joto litapungua kila siku, na siku ya saba kitakuwa kimesahau. Tutabaki na joto la chumba kimoja. Chumba cha Kinywa."

"Kinachukua wangapi?"

"Sabini, wakibanana."

"Watoto tunao?"

"Sitini na watatu."

Jua Kubwa lingerudi baada ya siku tisini na sita, na kila mtu alikuwa akizihesabu kichwani.

"Watu wazima tutaingia kwa zamu," Jumbe akasema.

"Zamu haitatosha, Jumbe."

"Najua haitatosha." Akainuka. "Anayetaka kujaribu kuvuka mlima, aende leo angali ana damu. Wengine tukawahamishe watoto."

Walioondoka walikuwa thelathini na wanane. Tuliwaona kwenye theluji mpaka wakapinda nyuma ya mwamba, na hatukusikia habari zao tena.

*

Asubuhi ya kwanza Bi Mkasi alikataa mtu mwingine alibebe kombe. Alisema aliyelichafua ndiye atakayelisafisha. Aliliosha mbele ya watu wote, Jumbe akapitisha mkono ndani, akatikisa kichwa kukubali, naye akaliweka kwenye sinia. Kisha akajifunika uso kwa ushungi. Mwale ulipofika na kombe likaanza kushuka, nilimsikia akinong'ona chini ya nguo, "Utusamehe, jirani. Hatuna."

Lilipanda limepungua robo.

Siku ya pili na ya tatu tulifunga mifereji ya nyumba za mbali. Siku ya nne kuta za ukumbi ziliota barafu. Tulilala kwa mafungu, wazee katikati, na kila asubuhi fungu letu lilipoinuka, wapo ambao hawakuinuka nalo. Mhunzi Mbaruku hakuinuka siku ya tano. Tuliwalaza kwenye nyumba ya makombe kwa sababu ilikuwa na milango mipana. Nilikuwa nawaorodhesha, maana ndiyo kazi yangu, na mkono wangu ulikuwa unaganda kwenye kalamu.

Kitu kimoja tu kilikwenda vizuri, nacho nitakisema. Tunu aliacha kulamba kuta. Siku ya tano alikula maharage, akalalamika kwamba hayana viungo, na mimi nikatoka nje ya chumba kwenda kulia kwa furaha.

Jioni ya siku hiyo Bi Mkasi alikaa naye akimsuka nywele. Niliwasikia nikiwa mlangoni.

"Bibi, kwa nini hatumpi tena kitu yule wa chini?"

"Mama yako amekataza."

"Lakini wewe ulisema chombo hakirudi kitupu."

"Nilisema, mjukuu wangu." Alichana fungu jingine la nywele. "Na ni kweli. Ila safari hii tutaonekana watu wabaya, basi. Tulia nimalize suka hili."

Nilipaswa kuingia. Nilipaswa kumkalisha mwanangu chini na kumwambia hadithi nzima, chumvi na shaba na kila kitu, mpaka aelewe. Nilijiambia ni mtoto, ameugua, nitamweleza kesho.

Usiku huo Bi Mkasi alimpa mwanamke mwenye mimba blanketi lake. Asubuhi ya sita alilibeba kombe akitetemeka, akaomba radhi yake, akaketi ukutani. Uji uliopanda ulifunika sehemu ya chini tu. Nilipokwenda kumwinua nikakuta ameganda palepale, ushungi bado uko usoni. Niliufunua. Alikuwa na sura ya mtu aliyekosa adabu mbele ya wageni.

Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwambia. Naye alikufa akijua kwamba nilipoulizwa kama ni yeye anayetuua, sikukana.

*

Asubuhi ya saba nililichukua kombe mimi.

Watoto walikuwa wameamka, wamejipanga kuzunguka chumba na mablanketi yao, pumzi zao zinaonekana. Niliosha kombe. Jumbe Shomari aliingia, ndevu zimejaa barafu, akapitisha mkono ndani ya kombe, mpaka pembeni.

"Tupu," akasema. "Leo ndiyo mwisho, Mama Tunu. Leo kinasahau." Akatoka kuwaangalia waliolala ukumbini.

Nililiweka kwenye sinia. Mwale ulikuwa bado uko ukutani, shubiri moja juu. Tunu alikuja akasimama karibu nami.

"Leo Bibi habebi?"

"Bibi amepumzika."

"Amekufa," Tunu akasema. Aliuma mdomo. "Sasa nani atatia?"

"Hakuna kutia, Tunu. Nimekwisha kukwambia."

Kisha nikakosea. Nilimkumbuka Bi Mkasi akisugua doa lisilokuwepo, machozi yakanipanda, na sikutaka watoto sitini na watatu wanione. Nikageukia ukuta, nikajifunika uso kama alivyokuwa akifanya yeye. Haikuchukua muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Nilipogeuka, mwale ulikuwa umeshaligusa sinia na kombe lilikuwa limeshapita ukingo, linashuka.

Kutoka gizani nilisikia kitu kidogo, chepesi, kikigonga jiwe. Kli.

Nikajiambia ni masikio yangu. Nimeisikia sauti ile asubuhi nyingi mno.

Kivuli hakikuwa kimesogea hata hatua moja. Kombe lilipanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, limejaa hadi linamwagika, uji mweupe kuliko siku zote. Ulitiririka wenyewe kwenye mifereji, kuta zikapiga mlio, barafu ya dirishani ikaanguka vipande vipande. Watoto walipiga kelele. Walivua mablanketi, wakaweka viganja sakafuni, wakacheka. Tunu alinirukia kiunoni, akaniinulia uso, na kwenye tabasamu lake palikuwa na pengo.

"Nimetia mimi," akaninong'oneza. "Kwa niaba ya Bibi. Sikuwa na msumari, Mama. Nikalivuta jino langu, likatoka lenyewe, wala halikuuma."

Punje moja nyeupe. Haikuwa mchele.

Nikayaona makaburi yao, sanda na shanga zimelala katika umbo la mtu, na hakuna mfupa wala jino. Nikamwona pia yule aliyelichora kombe la tano. Alichora kwa mkono uliotulia, mzizi mdogo chini na ncha juu, nami kwa usomi wangu nikaona mavuno. Hakuwa mjinga. Alikuwa amekwisha soma makombe manne na alijua anachora nini. Miaka kumi na tano nimejiuliza jinsi watu wenye akili kiasi kile walivyoweza kuangamia bila kujua, na kumbe walijua. Alijua, akachora, akalifunika kombe kifudifudi, akaenda kukaa na wanawe penye joto.

Jumbe aliingia mbio. Barafu ya ndevu zake ilikuwa inayeyuka na kumchuruzika kifuani, naye alikuwa analia waziwazi. Nyuma yake wazazi walikuwa wanaingia, wanawanyanyua watoto wao, wanawabusu mikono.

"Mama Tunu! Mji mzima una joto! Limejaa!" Alinishika mabega. "Limejaaje? Si limekwenda tupu?"

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja. Baada yake zingekuja asubuhi saba nyingine, na nyumba ya makombe ilikuwa tayari na watu arobaini na mmoja. Wangeniuliza ni nani aliyetia. Wangemtazama. Viganja vya Tunu vilikuwa mikononi mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Harakwe vilikuwa na joto kuliko vyangu.

"Tupu, Jumbe," nikasema. "Si uliligusa mwenyewe?"

Akanikumbatia. Mtu mmoja akaanza wimbo wa Mtepwe, ule wa kumpokea msafiri, na chumba kizima kikaupokea. Tunu aliuimba kwa kithembe kwa sababu ya pengo lake, akajicheka, akaniegemea miguuni.

Sikuimba. Nilifunga mdomo nikapitisha ulimi kwenye meno yangu, moja baada ya jingine, kuanzia nyuma. Yote yalikuwa bado yapo.